Uzi: Viraka walivyotuachia wenye nyumba wa kwanza, vileteni tuvisome kabla ya nyundo

TimaziMvita

Salaam wanajamvi. Uzi huu ni wa viraka. Mtu akinunua nyumba kuukuu hapa Mombasa, iwe Mji wa Kale, Majengo, Tudor, Ganjoni au ng'ambo Likoni, huinunua pamoja na kazi za waliokaa humo kabla yake: paipu isiyoenda popote, swichi isiyowasha kitu, nguzo ya chuma katikati ya jiko, ukuta uliopigwa plasta mara tatu pale pale. Fundi mgeni akiingia, neno lake la kwanza ni "hii yote itoke." Ngojeni. Kiraka kiliwekwa kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinamsumbua mtu, na kwetu huku kinachosumbua mara nyingi ni maji ya mfereji yasiyotoka kila siku, chumvi, au umeme ulioongezwa chumba baada ya chumba. Kijue kwanza hicho kilichokuwa kikisumbua, maana huenda bado kipo.

Anayeleta swali aseme nyumba ni ya nini (matumbawe na chokaa, mawe ya kukatwa, au bloku za simiti), ukuta unatazama upande gani, na kuna nini juu ya kiraka na nyuma yake.

Nianze na kinachoonekana kila mtaa: ukuta wa matumbawe uliopigwa plasta ya simiti kutoka sakafuni hadi kiunoni. Utazame usiku kwa tochi iliyolazwa ubavuni mwa ukuta, mwanga upite juu juu. Mara nyingi utaona mistari miwili au mitatu ya kulala, mmoja kama sentimita 60 kutoka chini, mwingine mita moja, mwingine juu zaidi. Kila mstari ni mahali plasta ya simiti ilipoishia, unyevu ukatokea juu yake, mwenye nyumba akaongeza tena. Tumbawe hunyonya maji ya ardhini. Chokaa huyaacha yatoke nje taratibu, simiti huyazuia, nayo hupanda mpaka yapate upenyo. Yanapokaukia ndipo chumvi inapoganda ndani ya vinyweleo vya ukuta, na ikiganda hutanuka. Ndiyo maana rangi hubenuka na plasta ikamenyuka kama ganda la muhogo.

Gonga kwa kipini cha bisibisi. Ikilia kama debe tupu, plasta imeshaachana na jiwe.

Mpangaji_Kuze

Kwa hiyo inatoka yote? Na chokaa ya mifuko inayouzwa madukani ya vifaa inafaa, au mpaka ya mawe?

ChokaaNaBoriti

Inatoka yote, hadi nusu mita juu ya pale unyevu unapoonekana. Tumia patasi na nyundo ya kilo moja, kwa mkono. Mashine ya kutindua itang'oa mawe, kwa kuwa simiti imelishika tumbawe kwa nguvu kuliko chokaa iliyo kati ya mawe inavyolishika. Pahali ambapo simiti imeng'ang'ania kabisa, punguza unene wake pole pole, usiing'oe kwa pupa.

Jiwe likifichuka, piga brashi kavu, kusanya lile vumbi jeupe kwenye gunia ulitoe nje ya nyumba. Usimwage maji ukidhani unaosha chumvi, utairudisha ndani. Kisha acha ukuta wazi wiki sita hadi nane. Wakati mzuri ni kaskazi, Januari mpaka mapema Machi. Ukifungua ukuta na mvua ya masika iko mlangoni, hautakauka.

Chokaa ya mfuko, ule unga uliokwisha kuzimwa, inafaa kwa plasta ya ndani ukiiloweka. Tia maji kwenye pipa kwanza, mimina unga, koroga mpaka iwe kama uji mzito, acha maji yaelee juu inchi moja, funika. Siku moja ndiyo uchache, wiki mbili ni bora. Ukipata chokaa ya mawe isiyozimwa, tia chokaa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Inachemka na kuruka, na ikiingia jichoni ni hasara ya maisha. Miwani na glavu si hiari. Hiyo iloweke miezi mitatu.

Kipimo: chokaa ndoo 1, mchanga wa mto uliochekechwa ndoo 3. Mchanga wa ufuoni hapana, hata ukioshwa, kwa sababu huna kipimo cha kukuhakikishia chumvi imetoka. Lowesha ukuta, rusha tabaka la kwanza kwa mwiko, jembamba tu la kushika. Baada ya wiki piga la pili, milimita 10 hadi 12, usizidishe. Siku 7 hadi 10 tena, ndipo la mwisho la milimita 3 hadi 5 kwa mchanga laini. Kosa la mafundi waliozoea simiti ni haraka. Chokaa hukazana kwa kuvuta kaboni dioksidi kutoka hewani, nayo huihitaji ikiwa na unyevu. Ikikauka kwa siku moja itabaki unga unaopukutika. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, nyunyizia asubuhi na jioni siku tano. Nyufa ndogo zikitokea siku ya pili, zisugue kwa ubao wa mwashi zikiwa bado laini.

Rangi yake ni chokaa ya maji, mipako minne au mitano myembamba. Ukipaka rangi ya mafuta umerudi ulikotoka.

Na kama nyumba imo ndani ya Mji wa Kale, usiguse upande wa njiani kabla ya kupita ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

RangiNaBrashi

Hapo napinga kidogo. Rangi za kuzuia maji zinafanya kazi, nyumba nyingi za bloku zimepona kwa hizo. Kila unyevu usisingiziwe ardhi.

TimaziMvita

Umesema kweli kwa nyumba za bloku, na kwa ukuta unaopigwa na mvua ya kusi. Ukuta unaotazama kusi au kusini mashariki hupokea mvua ya ubavu, na maji yakitoka nje, rangi ya kuzuia ikipakwa nje inasaidia. Ila ikipakwa ndani inayafungia maji ukutani. Kwa hiyo pima kabla ya kununua mkebe. Kata karatasi ya nailoni nusu mita kwa nusu mita, bandika ukutani kwa utepe pande zote nne usiache pumzi, ngoja siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, unyevu umo ukutani. Yakiwa mbele, upande wa chumba, ni unyevu wa hewa ya chumba unaogeuka matone, na dawa yake ni dirisha.

RangiNaBrashi

Kwa kipimo hicho nakubali. Wengi wanapaka ndani.

Nyumba_Tudor

Nina vitatu. Nyumba ni ya mawe ya kukatwa, dari ya zege, tangi la lita 2,000 juu.

1. Jikoni kuna paipu ya chuma ya inchi mbili, imesimama kutoka sakafuni hadi darini. Haina mfereji, haina kiungo, imepakwa rangi ya ukuta.
2. Kwenye karo kuna mifereji miwili, mmoja umefungwa kwa waya usifunguke.
3. Nyuma ya bafu kuna waya wa kijani unaoingia ukutani na kupotea.

KisimaNaPampu

Nachukua la pili. Mifereji miwili kwenye karo moja maana yake nyumba ina njia mbili za maji: tamu ya mfereji wa mji na ya chumvi ya kisima. Waliotangulia walitumia ya chumvi kwa choo, kufulia na kudeki, tamu wakaihifadhi. Mtu akifunga mfereji kwa waya, kwa kawaida anakukataza usinywe humo. Kinachonitia shaka ni kama njia hizo bado ziko mbali. Yaani pahali fulani, labda siku ambayo maji ya mji yalikatika wiki nzima, mtu aliunganisha pampu ya kisima kwenye tangi la maji tamu kwa kipande cha paipu na koki moja. Koki ikichoka, maji ya chumvi yanaingia polepole na hakuna anayejua ila chai inabadilika ladha.

Pima hivi. Funga koki kuu ya mji na koki ya tangi la juu. Fungua mfereji wa maji tamu mpaka ukauke kabisa. Washa pampu ya kisima. Mfereji uliokauka ukianza kutoa maji, njia zimekutana. Kisha fuata paipu kutoka kwenye pampu, ukitazama kila tii, yaani kiungo cha njia tatu. Ukikipata kiungo, kikate na uzibe ncha zote mbili. Usitegemee koki peke yake, na usitegemee valvu ya kuzuia kurudi, kwa kuwa chembe moja ya mchanga huiacha wazi.

Kuna na kipima chumvi cha mfukoni, kinasoma miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya chini ya 600 ladha yake ni nzuri, yakipita 1,000 huanza kuchukiza. Pima mfereji wa tangi, pima kisima, linganisha.

Na kisima cha maji hayo hakinywewi hata kikiwa baridi na safi machoni. Ardhi yetu ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na shimo la choo la jirani liko mbali kwa hatua tu.

Mpangaji_Kuze

Paipu iliyozungushwa mpira wa tyubu ya baiskeli, inasomwaje?

KisimaNaPampu

Inasomwa kwamba paipu nzima imekwisha. Paipu ya chuma iliyopakwa zinki ikipitisha maji ya chumvi huliwa kutoka ndani, na ikitoboka pahali pamoja ujue kuta zake zimekuwa nyembamba kote. Ukikaza spana kubadilisha kipande kimoja, uzi wa kiungo kinachofuata unavunjika, na siku hiyo hiyo unajikuta umebadilisha mita sita. Panga kubadilisha njia yote kwa paipu ya PPR, ile ya plastiki inayoungwa kwa kuchomwa moto.

Na PPR nayo ina viraka vyake vibaya. Presha ikiwa nzuri kabla ya elbo (kiungo cha kona) na mbovu baada yake, mshuku fundi aliyechoma. Mashine ni nyuzi 260. Paipu ya milimita 20 hupashwa sekunde 5, ya 25 sekunde 7, ya 32 sekunde 8, kisha inaingizwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Akipasha zaidi au akisukuma kupita kiasi, plastiki inajikunja ndani na tundu linabaki la kupita penseli. Kutoka nje huoni kitu. Kata elbo, utazame.

WayaTatu

La tatu ni langu, nalo ni zito kuliko mengine yote hapa, ndugu Nyumba_Tudor. Waya wa kijani unaoingia ukutani bafuni ni ati ya zamani, yaani waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini. Mafundi wa kale walikuwa wakiifunga kwenye paipu ya maji ya chuma, kwa kuwa paipu ilizama ardhini. Kisha akaja mwenye nyumba wa pili akabadilisha paipu za chuma kwa plastiki, kama alivyoeleza KisimaNaPampu. Plastiki haipitishi umeme. Waya upo, umefungwa vizuri, na hauendi popote. Nyumba nzima inaonekana ina ati na haina. Shawa ya umeme ikivuja ndani, bodi yake itakaa na umeme ikisubiri mkono uliolowa.

Usipime kwa tesita ya bisibisi. Aje fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na mashine ya kupima ati. Mara nyingi itabidi nondo mpya ya shaba, mita 1.2, ikipigiwa nje. Kwetu nondo hugonga jiwe ikiwa nusu. Wengine huikata juu wakafukia, na hicho ndicho kiraka cha mnunuzi ajaye. Njia sahihi ni kutoboa jiwe, au kuweka nondo mbili zilizoachana angalau urefu wa nondo moja na kuziunganisha, kisha kupima tena. Weka kisanduku cha simiti juu yake ili ikaguliwe kila mwaka.

Ukiwa hapo fungua kisanduku cha breka, umeme ukiwa umezimwa. Tafuta breka kubwa kwenye waya mwembamba. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23. Mtu akiiunga kwenye laini ya taa ya waya wa milimita 1.5 za mraba, breka ya ampea 10 itaanguka kila mtu akioga. Badala ya kuvuta waya mpya, anaweka breka ya 30. Haianguki tena, na sasa kinachoungua kwanza ni waya ukutani. Ishara zake: swichi ya bafuni ya manjano pembeni, harufu ya samaki samaki, taa za chumba cha pili zinafifia shawa ikiwashwa. Shawa ipewe laini yake kutoka kisandukuni: waya wa 6, breka ya 32, swichi ya kukata nyaya mbili, na RCD ya miliampea 30, yaani swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja. Kama mnaogea maji ya kisima, nunua shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Ile ya kawaida koili yake huliwa haraka.

JiraniGanjoni

Tokeni zinaisha na nyumba imefungwa, hakuna mtu. Hii nayo ni kiraka?

WayaTatu

Yawezekana. Mita ina taa ndogo inayopepesa, na ubavuni imeandikwa mapigo mangapi kwa uniti. Ikiwa 1,000, kila pepeso ni wati moja ya saa. Zima swichi kuu ndani ya nyumba. Taa ikiendelea kupepesa, kuna waya umechukuliwa kati ya mita na swichi kuu, labda kwenda chumba cha nje cha zamani au pampu iliyosahauliwa. Hesabu sekunde: pepeso kila sekunde 36 ni wati 100. Hapo usifungue mita wala usikate lakiri. Ita Kenya Power na fundi wako wakutane hapo hapo.

Taa ikisimama, rudisha swichi kuu na uwashe breka moja moja. Ile itakayoanza kupepesa bila sababu, fuata njia yake.

Kuhusu swichi isiyowasha kitu aliyoitaja TimaziMvita: usiifunge kwa plasta. Ndani huenda kuna nyaya zilizo hai. Ifungue umeme ukiwa umezimwa, funga kila ncha kwa kiunganishi chake, rudisha kifuniko kitupu kinachoonekana. Waya hai chini ya plasta unangoja msumari wa picha.

Mpangaji_Kuze

Dari ya zege yenye madoa ya kahawia na viraka vya plasta vinavyoanguka kila baada ya mvua?

TimaziMvita

Nondo zimeshika kutu, aidha kwa mchanga wenye chumvi aliotumia mjenzi, au zege liliachwa jembamba chini ya nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma, inalisukuma zege lianguke. Plasta juu yake inaficha tu, na ya jasi ni mbaya zaidi kwa kuwa inanyonya unyevu na kuukumbatisha chuma.

Weka nguzo za muda kwanza. Tindua mpaka nyuma ya nondo ipite sentimita 2 hadi 2.5, uendelee ubavuni mpaka ufikie chuma kisicho na kutu. Piga brashi ya waya ing'ae. Nondo iliyopoteza robo ya unene wake iongezewe nyingine ubavuni, na ipishane na chuma kizima mara 50 ya kipenyo chake kila upande: ya milimita 12 ni sentimita 60. Paka dawa ya zinki, paka gundi ya zege, jaza simiti 1 kwa mchanga 3 yenye maji machache, kwa tabaka. Chuma kifunikwe milimita 40. Lowesha siku saba. Ikiwa madoa yameenea nusu ya dari, achana na fundi, ita mhandisi.

ChokaaNaBoriti

Kwa wale wa Mji wa Kale, dari za boriti zina kiraka chao: kipande cha reli au chuma cha H kimepitishwa chini ya boriti, kimekaa juu ya kuta mbili. Reli ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1896, kwa hiyo kama nyumba ni ya kabla ya hapo, chuma hicho kiliongezwa. Kilikuwa kinabeba ncha za boriti zilizooza ukutani. Jaribu kila boriti kwa bisibisi, sentimita tano kutoka ukutani. Ikizama zaidi ya sentimita moja, ncha imekwenda. Boriti mpya ya mkoko wa unene ule ule ikae ubavuni mwa ile mbovu, na ncha yake isizikwe kwa simiti. Iache na nafasi ya hewa ya kidole kimoja. Pau na fito zikianguka bila boriti kuoza, tazama juu: huenda mtu alimwaga zege juu ya sakafu ya chokaa, na uzito umezidi.

Ukuta unaolia uwazi kwa vipande vya mraba vilivyopangika ni zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilizojazwa kifusi. Hizo zifungueni kwa furaha, hazibebi kitu. Ila dirisha la zamani lililozibwa kwa tofali moja ni jingine, usitoboe hapo bila kujua kama lina boriti ya juu.

JiraniGanjoni

Na mabati ya asbesto kwenye banda la uani, yamezibwa nyufa kwa lami?

TimaziMvita

Usiyatoboe, usiyakate, usiyapige brashi. Lami iliyopo iache. Kuyaondoa ni kazi ya mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Nyumba_Tudor

Nimepima maji, njia zimekutana kweli, nyuma ya tangi la chini. Waya unasubiri fundi wa leseni. Imebaki paipu ya jikoni. Fundi wa kabati anataka kuikata kesho, anasema ni bomba la maji machafu lililoachwa.

TimaziMvita

Asikate. Paipu ya maji machafu haiishii darini bila kutokea juu, na haisimami katikati ya chumba. Tangi lako la lita 2,000 likijaa ni tani mbili kwa maji peke yake. Panda juu upime: liko wapi ukilinganisha na paipu? Kisha chini, vuta uzi uliokazwa kutoka ukuta hadi ukuta chini ya dari, ukipita karibu na paipu, na upime nafasi katikati. Kwa upana wa mita 4, dari ikishuka zaidi ya milimita 16 imelemewa. Fanya hivyo tangi likiwa tupu, kisha likiwa limejaa, uandike namba zote mbili. Kwangua rangi pale paipu inapogusa dari. Ukikuta kibao cha chuma kimewekwa kati ya paipu na zege, hiyo ni nguzo, na tangi lihamishwe juu ya kuta kabla ya msumeno kuingia jikoni.

Leta picha ya ncha ya juu.

Nyumba_Tudor

Kibao kipo. Cha mraba, kama sentimita 15, na pembeni kuna ufa mwembamba unaoelekea dirishani. Fundi wa kabati nimemwambia asije.

TimaziMvita

Toa maji nusu ya tangi leo. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zote mbili za ufa, na mhandisi aje aone kabla ya kulijaza tena.